Kibamba cha Katana

Wiki mbili kabla ya Katana kufa, nilisikia jina lake likitumika kama tusi. Nilikuwa nimepeleka kigari changu kwenye gereji moja ya Changamwe. Fundi aliyenipokea, mtu wa kutoka bara mwenye maneno mengi na mikono myepesi, akanionyesha pedi mpya za breki zikiwa bado ndani ya boksi lake. "Cheki mwenyewe, mzee. Hapa hatupigangi Katana." Nikamuuliza kupiga Katana ni kufanya nini. Akacheka, akidhani namtania. "Si unajua! Mteja analeta spea orijino, wewe unaiuza, unamwekea feki. Mafundi wote wa huku husema hivyo." Na Katana mwenyewe ni nani? "Ah, huyo si mtu, mzee. Ni msemo tu." Nilitoka pale na hasira ambayo daktari wangu amenikataza. Nikajiambia, kesho naenda Utange, kwa Katana mwenyewe. Kesho kukawa na kikao cha idara, keshokutwa ikanyesha mvua, wiki mbili zikapita, nikapata ujumbe wa simu kwamba mzee Katana amefariki na atazikwa Jumamosi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yamechelewa kwa wiki mbili, au kwa miaka ishirini na sita, inategemea unaanzia wapi kuhesabu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya uhandisi wa mitambo, na suruali moja nzuri. Mashine ya pekee niliyokuwa nimeifungua kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa redio ya nyumbani, na haikufungika tena. Bwana Nassor alinichukua kwenye gereji yake, Changamwe, si kwa sababu alihitaji mhandisi, bali kwa sababu majirani zake hawakuwa naye. Siku ya kwanza alinitaka nilete cheti changu, akakitia kwenye fremu, akakitundika ofisini kwake kati ya leseni ya biashara na kalenda ya duka la matairi. Wateja walipoingia aliwaonyesha. "Huyu hapa Injinia wangu. Chuo kikuu, wallahi, si mchezo." Mimi nilisimama chini ya cheti kama mtu aliyekuja kutambua maiti. Ofisi ile ilinukia kahawa na petroli, feni ya darini ilizunguka kwa kusuasua, na ukutani kulikuwa na picha kumi hivi za gari moja tu, jekundu, dogo, lililochuchumaa chini kama paka anayewinda. Lilikuwa gari la mbio la zamani, limeundwa kabla sijazaliwa. Nassor alilinunua kwa watu waliokuwa wakihama nchi, likiwa limelala miaka mingi chini ya turubai, na nia yake ilikuwa moja: kuliendesha mwenyewe, na tumbo lake lote, kwenye mashindano ya magari ya kale kule Nairobi, mwezi wa Desemba.

Aliyepewa injini ile kuifungua ni Katana. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, mtu mrefu, mkimya, ambaye alisikiliza injini akiwa amefumba macho na mdomo wazi, mpaka wenzake wakamtania kwamba anasubiri kulishwa. Saa nne kila siku mafundi walikaa juu ya matairi wakala mahamri kwa mbaazi, na mimi nilikaa nao nikiwa na kitabu cha mtengenezaji mapajani. Kitabu kile kilikuwa ndiyo silaha yangu. Bisibisi sikujua ipi ni ipi, lakini michoro niliijua. Basi Katana alipoifungua sampu, lile beseni la chuma lililo chini kabisa ya injini ambamo oili hukaa, tukakuta ndani yake kuna kibamba kimechomelewa, chuma chembamba kilichosimama kuuzunguka mdomo wa bomba linalovuta oili. Nikaangalia kitabu. Hakimo. Nikageuza ukurasa, nikaangalia tena. Hakimo. "Kikate," nikasema.

Katana akakipitisha kidole. "Injinia, huu uchomeleaji umetulia. Mtu hakukaa akachomelea hivi kwa kujifurahisha."

"Kitabu hakina."

"Kitabu ni cha gari la kwendea sokoni. Hili ni la mbio."

"Injini ni ile ile, fundi. Kinazuia oili kurudi. Kikate, usafishe vizuri."

Mmoja wa mafundi akasema kwa sauti ya kuimba, "Kata, Katana, cheti kimesema," wote wakacheka, na Katana akakikata. Kikatupwa kwenye pipa la vyuma chakavu, na muuza vyuma akalibeba pipa siku ya Ijumaa. Nayaandika haya polepole ili nisije nikayapaka rangi. Aliniambia. Alinieleza kwa adabu, mbele za watu, na sababu akanipa. Mimi nilikuwa na mchoro.

Tulijaribia gari kwenye kiwanja cha kiwanda kilichofungwa, ambako njia ya lami ilizunguka maghala. Nassor alizunguka kwa mkono wa kulia, kama watakavyozunguka kwenye mashindano, na kona moja nyuma ya ghala kubwa ilikuwa ndefu, ya kushikilia usukani mpaka bega liume. Mzunguko wa sita tulisikia mlio. Aliyewahi kusikia injini ikinoki hausahau: ni kama mtu amefungiwa ndani na anagonga kwa nyundo atolewe. Tulipoifungua, beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zilikuwa zimekwaruzika na kuwa nyeusi, kama zilizokaangwa bila mafuta, na kwa kweli ndivyo zilivyokuwa. Beringi hizo Nassor alikuwa ameziagizia ng'ambo na kuzisubiri miezi minne. Aliziweka mezani ofisini, chini ya feni, akaniita mimi na Katana. Hakupiga kelele. Nassor alipokasirika sauti ilishuka.

"Hizi si zangu," akasema. "Zangu zilikuwa za orijino. Orijino haifi mzunguko wa sita. Katana, beringi zangu umezipeleka wapi?"

"Ndizo hizo, mzee. Zimekosa oili."

"Oili imejaa. Mimi mwenyewe nilipima."

"Imejaa, lakini haikai. Kona ya kulia yaikimbiza upande wa kushoto, na bomba liko kulia, lavuta hewa. Izungusheni kushoto mwone, haitakufa." Kisha akanigeukia, wala si kwa ubaya, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. "Muulize Injinia. Palikuwa na kibamba humo ndani."

Nassor akanitazama. Juu ya kichwa chake kulikuwa na cheti changu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu husema katika hali kama hizo kila kitu hutokea ghafla, na huo ni uongo wa watu kama mimi. Feni ilizunguka, nikaona vumbi kwenye mabawa yake, nikawaza juu ya kazi yangu, nikawaza juu ya suruali yangu moja, nikasema:

"Kibamba gani?"

Katana hakubisha. Nadhani alishangaa, na mshangao wake ukamfanya aonekane mwenye hatia, maana aliyesingiziwa mara nyingi hunyamaza na mwongo ndiye mwenye ufasaha. Mafundi waliocheka siku ile ya kukata hawakuitwa, na hawakujileta. Jioni ile nikaandika ripoti ya kurasa mbili, kwa taipu, yenye maneno kama "uzembe katika ufungaji" na "uhalisi wa vipuri unaotiliwa shaka". Ni maandishi yangu ya kwanza kuaminiwa na msomaji. Katana akafukuzwa, na Nassor, ambaye kila mwenye gereji kutoka Changamwe mpaka Mikindani alikunywa naye kahawa, akawasimulia wote. Alilotakiwa kufanya ni kuwauliza wale mafundi waliocheka. Hakuuliza. Neno la mwenye cheti lilimtosha, na leo, nikiwa na vyeti vingi zaidi, ninaona bado linawatosha watu ambao wangepaswa kuwa na akili kuliko yeye.

Beringi nyingine zikaagizwa. Mara hii nilisimamia mwenyewe, kila nati ikakazwa kwa kipimo cha kitabu, na wakati wa kujaribu nikakaa kwenye kiti cha pembeni niitazame geji ya oili. Tulipoingia ile kona ndefu, mshale ukaanguka kama mtu aliyeteleza bafuni. Nikamwambia Nassor apunguze mwendo. Tulipotoka kwenye kona, mshale ukapanda. Kona, ukaanguka. Nikajitia ustadi, nikaongeza oili lita mbili juu ya alama. Gari likatoa moshi kama tanuri la kuokea mikate, na mshale ukaanguka vilevile. Ndipo Nassor alipokwenda kuswali adhuhuri, nami nikaliwasha gari peke yangu na kuzunguka kiwanja kwa upande wa kushoto. Mara nne, tano. Mshale haukutikisika. Nikazima injini nyuma ya ghala, nikakaa pale jua likinichoma kichwa, nikijua sasa kwa hesabu kile ambacho nilikuwa nakijua tangu mwanzo bila hesabu.

Ningeweza kuchora kibamba. Nilichora vitatu. Lakini kile cha kwanza sikukitazama sana, niliona tu kwamba hakimo kitabuni, na aliyekishika mkononi alikuwa mmoja. Basi nikaibeba sampu ndani ya gunia mpaka Utange, siku ya Jumapili, kama mtu anayekwenda kuuza kuku. Nyumba ya Katana ilikuwa ya vyumba viwili, ya udongo mbele na matofali nyuma, kwa sababu matofali yalisimama pale kazi iliposimama. Alikuwa uani akitengeneza pampu ya maji ya mtu. Alilitazama gunia, akajua. Akaniletea kigoda.

Mkewe, Kadzo, aliingia akitoka kisimani na ndoo kichwani, na juu ya maji kulielea vijiti vya majani mabichi. Aliishusha bila kumwaga tone.

"Injinia," Katana akasema, "yale majani kazi yake nini?"

"Kuzuia vumbi."

Kadzo alicheka mpaka akashika kiuno. "Baba we! Na huyu ndiye aliyesoma?"

"Maji yakiyumba, majani yayatuliza," Katana akasema, bila kucheka. "Yasiporuka hayamwagiki. Ile oili yako yahitaji hivyo hivyo. Lakini si kutulizwa tu. Yatakiwa iweze kuingia pale bomba lilipo, kisha isiweze kutoka. Kama mtego wa samaki." Akaichukua sampu, akaipindua, akaanza kuchora ndani yake kwa mkaa. Kuta nne za bati gumu kulizunguka bomba, na kila ukuta uwe na kilango chenye bawaba, kinachofunguka kwa ndani tu. Gari likikata kulia, oili iliyo nje ya kuta inasukuma milango na kuingia, na iliyo ndani inaifunga milango kwa uzito wake na kubaki. Nilielewa mara moja. Nilielewa pia kwamba katika miaka minne ya chuo kikuu hakuna aliyenifundisha kitu kwa uwazi kama huo, na badala ya kumshukuru niliona aibu, na aibu ile ikageuka kuwa kumchukia kidogo. Hilo nalo niliandike.

Tulikula ndani, sima kwa mtsunga, mboga yao ile chungu, na dagaa wa nazi. Kadzo alinipakulia mara mbili. Katana alinawa, akakausha mikono, akasema, "Nitakutengenezea. Sitaki kitu chako. Lakini siku gari likimaliza hiyo kona, wewe utamwambia Nassor mbele ya mafundi wote, kwa mdomo wako, kwamba palikuwa na kibamba na mimi nilikukataza kukikata."

"Nitasema."

"Sema kwa Mungu."

"Haki ya Mungu nitasema."

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Alikitengeneza kwa siku tatu, kwa bati alilolitoa kwenye kabati la faili lililokuwa limetupwa, na kila kilango alikijaribu kwa kuyumbisha maji ndani ya sampu, kulia, kushoto, kulia. Nilikifunga mimi. Wiki iliyofuata Nassor alialika wageni kwenye kiwanja kile, akaweka viti chini ya hema, akaleta biriani sufuria mbili. Alizunguka mizunguko ishirini. Nilikuwa kando yake, macho kwenye geji, na ule mshale ulikaa pale pale kana kwamba umechorwa. Aliposhuka jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyetoka baharini. Akanikumbatia mbele ya watu wote, mafundi wakiwa wamejipanga nyuma na sahani zao. "Nyie mwamwona huyu? Wengine waniibia, yeye aniponya. Injinia, waambie basi ulifanyaje!"

Kama ni nafasi, ndiyo ile. Hata swali niliulizwa. Nikasema, "Nashukuru, mzee. Ni elimu tu." Kisha nikala biriani. Na ilikuwa tamu, kwa hiyo hata faraja ya kusema ilinikwama kooni sina. Gari lilikwenda Nairobi likamaliza mashindano katika nafasi ambayo Nassor hakuitaja tena. Nami, kwa barua aliyoniandikia ya kusifu uwezo wangu wa kutatua matatizo, nikapata kazi ya kufundisha. Nimefundisha tangu wakati huo. Kwa miaka minane sasa nafundisha, pamoja na mengine, somo la maadili ya uhandisi, na nimeandika magazetini makala nyingi kali kuhusu wakubwa wasiowajibika. Wasomaji huniandikia wakisema nina ujasiri. Katana hakupata tena gereji ya kumwajiri. Alitengeneza pampu za visima na cherehani, Utange, Kiembeni, popote ambapo watu wa Changamwe hawakuwa na jamaa.

Matangani nilikaa nyuma ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, kama mtu asiyehusika. Watu wakasali, wakaimba, wakanywa chai. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mvumilivu, na nusura nisimame nimwambie kwamba kuvumilia si tabia ya mtu, ni kitu anachofanyiwa. Walipoanza kutawanyika nikamwendea Kadzo. Amezeeka, lakini anasimama vilevile.

"Makiwa, mama."

"Yamepita."

Nikaanza. Nikamwambia nina neno zito, nimelibeba miaka mingi, kwamba mumewe hakuwa na kosa, kwamba mimi ndiye. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na yalikuwa mazuri, na machozi nilikuwa nayo karibu. Akanikata.

"Waniambia mimi? Mimi ndiye niliyekupakulia. Hukuapa kwangu?" Sauti yake haikupanda. "Wewe wataka useme mahali ambapo hapana atakayeshangaa. Yule Nassor ni hai?"

"Yuko hai. Amezeeka sana."

"Gari je?"

"Lipo. Huliendesha mwanawe."

"Haya. Jumatatu unipitie."

Jumatatu nikampitia. Alikuwa amevaa leso nyeusi na viatu vya kanisani. Gereji ya Nassor imepakwa rangi mpya na ina mashine za kompyuta, na lile gari jekundu liko mbele kabisa, linang'aa, limezungushiwa kamba. Nassor alikuwa kwenye kiti cha miti kivulini. Alinitambua kwa furaha, akataka kahawa iletwe, akawaita mafundi waje wamwone Injinia wake. Wakaja, tisa au kumi, wakifuta mikono. Cheti changu kilikuwa kimeshatolewa ukutani zamani, lakini nilisema kana kwamba bado nimesimama chini yake. Nikasema palikuwa na kibamba. Nikasema Katana alinikataza kukikata na mimi nikamwamuru. Nikasema beringi zilikuwa zile zile za orijino, kwamba ripoti niliyoiandika ilikuwa ya uongo, na kwamba kibamba kilichoiponya injini kilitoka kwenye mikono yake, nyumbani kwake, baada ya kufukuzwa. Kusema huko hakukunipa fahari yoyote.

Nassor alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Yakhe, mambo ya kale hayo. Marehemu Mungu amrehemu. Kila mtu hukosea. Tunyweni kahawa."

"Kahawa sitaki, baba," Kadzo akasema. "Nimekuja kuchukua kitu cha mume wangu."

"Kitu gani, mama?"

"Hicho kibamba. Kimo humo garini. Alikiunda kwa mikono yake, nyumbani kwangu, na hapa mlisema ni mwizi. Cha mwizi mwakitakia nini? Kitoeni."

Nassor akacheka kidogo, akamwangalia mwanawe, akaona hacheki naye. "Hakitoki, mama. Wallahi, hilo siliwezi. Kile kikitoka injini hii haimalizi kona moja."

Fundi mmoja, aliyekuwa mbali karibu na mashine ya matairi, alikuwa amesogea hatua mbili kuja mbele.

"Rudia, baba," Kadzo akasema. "Na umtaje aliyekitengeneza. Wale wa kule nyuma hawajasikia."

Nassor akanitazama mimi, kama zamani, akisubiri mwenye kusoma aseme neno. Sikusema. Mzee akashika mikono ya kiti, akajivuta mpaka akasimama, na akarudia.